Mkituchoma sindano ya goti, tuandikieni jina la dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo moja la magoti, na naomba usilikate sana maana nimeliandika siku tatu kwenye simu, naandika napumzika naendelea. Mimi ni mama wa miaka 57, nauza dagaa hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, tangu wanangu wakiwa wadogo, na nyumbani ni Mabatini kule juu kwenye mawe. Wanaopajua wanajua, ukishuka daladala bado una kazi ya kupanda mawe mpaka mlangoni, na kila jiwe lazima goti likunjwe.

Goti langu la kulia lilianza kama miaka minne iliyopita. Mwanzo ilikuwa asubuhi tu, naamka limekaza, natembea kidogo linalegea, nasema hii ni baridi ya ziwa. Baadae likaanza kukwaruza ndani kama lina mchanga, na kushuka kukawa kubaya kuliko kupanda. Kila mtu akawa na jina lake la ugonjwa, huyu anasema baridi yabisi, huyu ute umeisha, huyu mafuta ya mifupa yamekauka, kuna aliyenambia nimetupiwa kitu na watu wa sokoni. Nikapigwa eksirei nikaambiwa ni magoti kusagika, yaani lile gegedu linalofunika ncha za mifupa ili zisigusane limepungua, na pembeni mfupa umeanza kuota vinundu. Sio baridi yabisi, baridi yabisi ni kinga ya mwili kushambulia viungo vyake yenyewe na dawa zake ni tofauti kabisa. Na siko peke yangu, shirika la afya la dunia linasema mwaka 2019 watu wenye ugonjwa huu wa viungo kusagika walikuwa kama milioni 528 duniani, wengi wamevuka miaka 55 na wengi ni wanawake, na goti ndo linaongoza. Ukisimama Mwaloni saa kumi na mbili asubuhi ukaangalia sisi mama zako tunavyotembea utaamini hata bila hiyo hesabu.

Sasa sindano. Kwenye zahanati moja ya binafsi, sitaitaja maana sikuja hapa kugombana na mtu, nikaambiwa mama tukuchome sindano moja ndani ya goti utasahau. Nikalipa hela ambayo kwangu ni mtaji wa dagaa wa wiki. Na siwezi kudanganya, usiku wa pili yake nililala usingizi ambao sikuulala mwaka mzima, asubuhi nikanyoosha mguu nikakaa kitandani nalia kwa furaha. Ndo maana nasema mapema, mimi sio adui wa hii sindano.

Lakini sikiliza nilichofanya baada ya pale. Jumatatu nikarudi Mwaloni nikaacha kumlipa kijana wa mkokoteni, nikasema sasa nimepona nabeba mwenyewe, ndoo kichwani, kutoka kwenye mitumbwi mpaka pale ninapoanika, nachuchumaa kutwa nzima kugeuza dagaa, jioni napanda mawe, nikisahau kitu nashuka tena. Goti lilikuwa linasagika vilevile, ila sasa lilikuwa halina sauti ya kunikataza. Hakuna aliyenambia kitu, hakuna aliyesema mama hii nafuu ni ya muda, itumie hivi. Nimeambiwa utasahau, na kweli nikasahau.

Wiki ya saba likarudi, kali kuliko mwanzo. Yule daktari wa kwanza nikaambiwa kahama, nikaenda kwingine, wakaniuliza ulichomwa nini, nikatoa karatasi yangu, imeandikwa "sindano ya goti" na bei basi. Wakanichoma. Mwezi haujaisha vizuri, mama mwenzangu kwa nia njema kabisa akanipeleka kwa mtu anayechoma watu kwenye chumba nyuma ya duka la dawa, tena pale palikuwa na foleni Mhariri, tumekaa kwenye benchi kina mama watupu, kila mtu kavuta gauni magotini anasubiri. Na huyo hakuuliza hata kama nimewahi kuchomwa. Sindano tatu, goti moja, miezi minne haijafika.

Na mimi nina kisukari, nameza metifomini mwaka wa sita sasa. Siku mbili baada ya ile ya tatu nikaanza kiu isiyoisha, maji nakunywa kama nimekula chumvi tupu, chooni usiku mara saba mara nane, macho yanaona ukungu, mwili hauna nguvu. Mwanangu wa kiume akanibeba, namaanisha kunibeba mgongoni kabisa kushuka yale mawe, tukachukua bajaji. Hospitali kipimo cha sukari kikasoma 23, yaani juu mno. Nesi, binti mdogo tu mwenye adabu zake, akanishika mkono akaniuliza, mama umechomwa nini kwenye goti? Nikamwambia sindano. Akasema ndio mama, sindano gani? Nikamwambia ya goti. Akaniuliza tena na tena, sio kwa ubaya, alitaka jina ajue dawa itakaa mwilini siku ngapi wanirekebishie sukari namna gani, na mimi sina jina, nina karatasi tatu na hakuna hata moja yenye jina la dawa. Nimezaa watoto watano, nimepita mengi, lakini siku ile niliona aibu ya kutojua nini kimeingizwa kwenye mwili wangu mwenyewe kwa hela yangu mwenyewe. Leo aibu ile nairudisha kwa wenyewe, haikuwa yangu.

Nimelazwa siku nne. Nikitoka nikamwita binti wa dada yangu, yeye kasomea mazoezi ya tiba, fiziotherapia, anafanya kazi hiyo, nikamwambia mwanangu kaa hapa unisomee kila kitu kuhusu hizi sindano kwa Kiswahili na usinifiche. Akanambia mama mkubwa itachukua muda. Nikamwambia dagaa zimeanikwa, jua lipo, soma. Yanayofuata ndo nilivyoyaelewa kwake.

Ile niliyochomwa karibu hakika ni steroidi. Majina yanayotumika sana ni triamsinoloni na methilprednisoloni, hii ya pili wengi wataiona kwenye chupa kwa jina la Depo-Medrol, na dozi ya goti huwa miligramu 40, wakati mwingine mpaka 80. Sio dawa ya kuotesha gegedu, inatuliza uvimbe na moto ulioko ndani ya goti basi. Wala sio ya jana, tangu 1951 daktari wa Marekani aitwaye Hollander alishaandika habari za kuchoma haidrokotisoni, nayo ni steroidi, ndani ya viungo, kwahiyo miaka zaidi ya 70 imetosha kujua uzuri wake na mipaka yake. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 27 zenye wagonjwa 1,767, wakakuta nafuu ipo wiki za mwanzo, inapungua kadri wiki zinavyokwenda, na ikifika miezi sita aliyechomwa na asiyechomwa hawana tofauti ya kuonekana. Mwongozo wa Uingereza wa 2022 wa kutibu viungo kusagika unamtaka daktari amwambie mgonjwa waziwazi kwamba nafuu ni ya muda mfupi, wiki 2 mpaka 10. Wiki 2 mpaka 10! Ile yangu ilikaa wiki saba, yaani dawa ilifanya kazi yake sawasawa, tatizo mimi nilidhani nimepona. Tofauti ya kudhani umepona na kujua umepewa wiki saba za kupumzika ni kubwa mno, ukijua unapanga.

Halafu kuna hili la kurudia rudia. Kule Boston watu 140 walichomwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka 2, nusu steroidi, nusu maji ya chumvi tu na wenyewe hawajui nani kapata nini. Majibu yalitoka 2017. Wa steroidi gegedu lao lilipungua zaidi, milimita 0.21 kwa 0.10 za wenzao, na maumivu mwisho wa miaka 2 hayakuwa na tofauti. Milimita hizo ni ndogo, binti yangu kasema nisizitie chumvi, hakuna anayesema sindano moja inamaliza goti. Ila ndo sababu madaktari wengi hawataki goti moja lichomwe chini ya miezi mitatu kutoka ile ya nyuma, wala zaidi ya mara 3 au 4 kwa mwaka. Mimi nilichomwa za mwaka mzima ndani ya msimu mmoja, na daktari wa pili hata kama angetaka kunikatalia angejuaje? Karatasi ilikuwa bubu.

Na sukari, jamani sukari. Steroidi ikiwa ndani ya goti haikai pale pale, nyingine inaingia kwenye damu, na mwenye kisukari sukari yake inapanda siku chache, wengine wiki na zaidi. Sio kwamba mwenye kisukari asichomwe kabisa. Anatakiwa aambiwe kabla, sukari ipimwe siku ile, apime mara nyingi nyumbani siku zinazofuata, ajue dalili za kukimbilia hospitali, na kama sukari yake tayari iko juu basi sindano isubiri. Maneno ya dakika mbili haya. Mimi sikuulizwa una kisukari? hata mara moja, kwenye sehemu zote tatu.

Lingine ambalo hatuambiwi sisi watu weusi, steroidi ikivuja kwenye ngozi pale ilipoingilia sindano inaweza kuacha baka jeupe na ngozi ikabonyea. Kuna mama hapa sokoni analo pembeni ya goti, watu wakaanza kunong'ona ni mkorogo, wengine wakasema ukoma, akawa anakuja na jua lote hili amevaa soksi ndefu. Mara nyingi rangi hurudi taratibu. Angeambiwa kabla angejibu watu.

Na la hatari zaidi, ingawa linatokea mara chache, ni wadudu kuingia ndani ya goti. Kuumwa zaidi siku ya kwanza au ya pili baada ya kuchomwa kunaweza kutokea na kukapoa kwenyewe. Lakini goti likivimba, likawa la moto, homa ikapanda, mguu haukanyagiki, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo sio kesho, maana usaha ndani ya kiungo unakula gegedu kwa siku chache tu na unaweza kuua mtu. Kwahiyo mahali pa kuchomwa goti ni chumba kisafi, ngozi imesafishwa vizuri, sindano mpya, mtu aliyefundishwa. Nyuma ya duka la dawa kwenye benchi hapana, na nasema hivyo mimi niliyekaa kwenye lile benchi.

Hapo nisichanganye watu, kuna ile sindano ya takoni ya diklofenaki ambayo tumeizoea sana, ukiumwa popote unachomwa. Ile sio steroidi na haiingii gotini, ni dawa ya maumivu ya kawaida inazunguka mwili mzima, na ukiizoea ina mambo yake, vidonda vya tumbo, figo, presha. Wenye umri wangu ni bora hata ile jeli yake ya kupaka juu ya goti, inasaidia na haiendi sana mwilini.

Sasa baada ya kulazwa nikasema steroidi basi, na biashara haikuchelewa kunikuta. Nikaambiwa kuna sindano ya ute, hiyo haina kemikali mama, ni ute kama ule wa goti lenyewe, inaitwa haialuroniki, unachomwa unaongezewa mafuta kama unavyoweka oili kwenye injini. Mfano mzuri huo, unaingia akilini haraka, ndo hatari yake. Ni kweli goti lina ute wenye hiyo kitu na ni kweli kwenye goti linalosagika unakuwa mwepesi. Dawa zenyewe za mwanzo zilitengenezwa kutokana na upanga wa jogoo, ule mwekundu wa kichwani, na zipo mpaka leo kwahiyo ukiwa na mzio wa kuku au mayai sema. Lakini mwaka 2022 watafiti walikusanya tafiti 169 zenye watu zaidi ya 21,000, wakakuta inapunguza maumivu kidogo sana ukilinganisha na sindano ya uongo isiyo na dawa, kidogo kiasi kwamba mgonjwa wa kawaida hawezi kuiona tofauti, na madhara makubwa yalikuwa mengi zaidi kwa waliochomwa. Ule mwongozo wa Uingereza nilioutaja unasema wazi isitolewe kwa magoti kusagika. Na bei yake jamani, kuna mtu nimemuona kwa macho yangu kauza ng'ombe kuja Mwanza kuchomwa hiyo.

Nyingine ni ya damu yako mwenyewe, unatolewa damu inazungushwa kwenye mashine wanachukua ile sehemu yenye chembe sahani, zile za kugandisha damu, unarudishiwa gotini, wanaiita pi-ara-pi. Inavutia maana ni damu yako, unaona haiwezi kukudhuru. Australia waliijaribu kwa watu 288, sindano 3 kila wiki moja, wengine wakapewa maji ya chumvi, majibu 2021, baada ya mwaka mzima maumivu hayakutofautiana na gegedu halikutofautiana. Zipo tafiti ndogo zinazosema inasaidia na wapo madaktari wazuri wanaoiamini, sitaki kuwavunjia heshima, lakini chama cha madaktari wa viungo cha Marekani mwaka 2019 kilishauri kwa nguvu kabisa isitumike kwa goti linalosagika. Mama wa dagaa akiombwa hela ya mtaji wake wote kwa kitu kama hicho ana haki ya kuambiwa na hayo, sio kuoneshwa video ya mzee anacheza ngoma.

Kuna kitu kimoja kwenye hizi tafiti kilinishangaza nikamwambia binti arudie kusoma, kwamba hata waliochomwa maji ya chumvi wengi walipata nafuu. Maana yake ukisikia fulani kachomwa akapona usikimbilie kusema ni ile dawa, goti lenyewe lina vipindi, linaumwa sana mwezi huu mwezi ujao linapoa, na sisi huwa tunakwenda kuchomwa siku lilipofikia juu kabisa, kwahiyo hata lingeachwa lingeshuka kidogo.

Mhariri nilitegemea binti amalize kusoma anambie hakuna dawa. Badala yake akanisomea utafiti wa 2020, wa wagonjwa 156 kwenye hospitali za jeshi Marekani, wastani wa umri ni miaka 56, yaani ni mimi kabisa. Nusu walichomwa steroidi mpaka mara tatu kwa mwaka, nusu wakafanyiwa fiziotherapia. Wote walianza na alama kama 107 mpaka 109 za maumivu na ugumu kwenye kipimo cha 240, baada ya mwaka wa sindano walikuwa kwenye 55.8 na wa mazoezi 37.0, na alama ndogo ndo nzuri. Nikakaa kimya muda mrefu. Miezi yote ile, hela yote ile, hakuna aliyewahi kunambia neno mazoezi, isipokuwa kijana mmoja wa mapokezi aliyeniambia mama punguza mwili, tena mbele za watu.

Naye hakukosea kwenye jambo lenyewe, alikosea adabu. Kilo 1 ukiipunguza mwilini goti linapunguziwa kama kilo 4 kila hatua unayopiga, watafiti waliipima hiyo. Nami naongeza la kwangu, goti haliulizi uzito ni wa mwili au wa ndoo iliyoko kichwani.

Mazoezi niliyopewa ni ya aibu kwa urahisi wake. Nakaa kwenye kiti nanyanyuka bila kushika, nakaa taratibu, mara 10, napumzika narudia. Nalala chali nanyoosha mguu naunyanyua kidogo nahesabu mpaka 5, nashusha. Msuli wa paja ukipata nguvu unabeba kazi ambayo goti lilikuwa linabeba peke yake. Wiki mbili za kwanza liliuma nikataka kuacha, binti akanipigia simu kila jioni, mama mkubwa umefanya? Mwezi wa tatu nikagundua nimeshuka mawe yote mpaka barabarani bila kushika ukuta. Sijapona, gegedu halijarudi na halitarudi, siku za mvua bado nalisikia, ila natembea. Na hapo ndo nikaelewa matumizi ya ile sindano ya kwanza, zile wiki saba zisizo na maumivu ndo zilikuwa za kuanza mazoezi, maana mtu anayelia na goti hawezi kunyanyuka kitini mara 10. Hata mwongozo wa Uingereza unasema sindano ifikiriwe pale njia nyingine zimeshindikana au ili kumsaidia mtu aweze kufanya mazoezi. Mimi zile wiki nikazimalizia kwenye ndoo.

Ninachoomba basi kwa hospitali, zahanati na vituo vyote vya kanda hii ya ziwa, kuanzia hapa Nyamagana na Ilemela mpaka Ukerewe na Sengerema na visiwani huko, ni kitu kisichohitaji bajeti wala mfadhili. Mkituchoma goti andikeni kwenye karatasi ya mgonjwa, kwa herufi zinazosomeka, jina la dawa, miligramu ngapi, goti la kulia au la kushoto, na tarehe. Msiandike "sindano ya goti", hilo sio jina la dawa. Na kabla ya kuchoma tuulizeni sukari, mtwambie nafuu itakaa wiki ngapi, na kama kuna mtu wa fiziotherapia mtuandikie twende kwake siku hiyohiyo, sio baada ya sindano ya tatu. Najua foleni zenu, nimekaa humo, nimeona daktari mmoja anahudumia watu kuanzia asubuhi hajanywa hata chai. Lakini yule nesi aliyeniuliza umechomwa nini alipoteza muda mrefu kuliko ambao mwenzake angeutumia kuandika neno moja.

Na kwa viongozi wa soko na halmashauri nina la kwangu la nyongeza ambalo halipo kwenye hospitali yoyote. Vichanja. Dagaa wakianikwa chini kwenye mchanga au kwenye nyavu tunachuchumaa kutwa, na kuchuchumaa na kupiga magoti na kubeba mizigo mizito kwa miaka ndo vitu vinavyojulikana kabisa kuwa vinachangia goti kusagika. Dagaa wakianikwa juu ya kichanja kinachofika kiunoni tunawageuza tumesimama. Wataalamu wa samaki wanavihimiza vichanja miaka mingi kwa sababu dagaa wanatoka safi hawana mchanga na wanapata bei nzuri, lakini sijawahi kusikia mtu akitaja magoti yetu. Mti na wavu, basi. Mabinti wanaoanza kazi hii sasa hivi wana miaka 20, magoti yao bado mazima, wao ndo nawaonea huruma kuliko mimi.

Nimeandika mengi nisamehe. Jumamosi hii mama mmoja tunayeanika naye jirani anakwenda kuchomwa goti, kaamua na sikumkataza, linamtesa sana na huenda litamsaidia, naye ana kisukari kama mimi. Nimempa daftari la mjukuu wangu na kalamu, ukurasa wa kwanza nimeandika jina lake na dawa zake za sukari, chini yake nimeacha mistari mitupu, nimemwambia asivae viatu mpaka wamejaza.

Ni mimi,
Mama wa dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza